Msikiombee Kiswahili Karatasi ya Tano

Wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda tukikutana, iwe kwenye kongamano au chini ya mti nje ya ukumbi wa mihadhara, dai letu huwa lile lile: Kiswahili kitahiniwe katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, dai hilo husomwa kila mwaka kwenye risala, hupigiwa makofi, kisha kila mtu huenda kunywa soda akiwa ameridhika kwamba ameitetea lugha.

Mimi nalipinga dai hilo. Sisemi Kiswahili kisifundishwe katika shule za msingi. Nataka kifundishwe kuliko wengi wanavyotaka. Ninachosema ni kwamba karatasi ya tano haitakipeleka Kiswahili kwa mtoto. Itakipeleka mahali ambapo masomo mengine manne yameshafia. Asiyeamini na aangalie kwanza kile ambacho mtoto wa shule ya msingi anajifunza ndani ya muhula mmoja, kisha tujadiliane.

Tuanze na ratiba. Ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu yeyote utaikuta ukutani, imechorwa kwa rangi. Kuanzia darasa la nne ina Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii na Elimu ya Dini. Ina vipindi vya sanaa na viungo, vinavyoitwa CAPE: cha kwanza muziki, ngoma na maigizo, cha pili michezo, cha tatu uchoraji na ufundi. Ina lugha ya nyumbani. Katika shule nyingine ina hata Kiswahili, kwa kuwa Kituo cha Kitaifa cha Ukuzaji Mitaala kina muhtasari wa Kiswahili wa darasa la nne hadi la saba. Kwa kuitazama ratiba hiyo ungedhani mtoto wa Uganda hupata elimu kamili.

Toka ofisini uingie darasani. Kipindi cha muziki kinafundishwa Hisabati. Kipindi cha uchoraji ni cha kusahihisha jaribio la Sayansi. Kipindi cha michezo kimechukuliwa na Kiingereza kwa sababu "tuko nyuma". Kipindi cha lugha ya nyumbani hakijulikani kilikokwenda. Ratiba ya ukutani ni ya mkaguzi. Ratiba ya kweli iko kichwani mwa mwalimu, nayo ina masomo manne tu, kwa sababu mtihani wa Novemba una karatasi nne tu: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini.

Muhula wenyewe una wiki 12 au 13 hivi. Katika shule nyingi hufunguliwa kwa mtihani wa kuanza muhula, ukafuata wa katikati ya muhula, kisha wa kufunga muhula. Ondoa siku za kufanya mitihani hiyo, za kuisahihisha na za kuirudia ubaoni, na muhula umepungua kwa wiki kadhaa. Na mtoto wa darasa la saba ana mengine zaidi: majaribio ya kila wiki, mitihani ya kununuliwa kutoka nje, masomo ya alfajiri na ya usiku. Zipo shule zinazojigamba kwa wazazi kwamba humaliza mtaala wa darasa la saba mapema ili muda wote uliobaki uwe wa "marudio". Hakuna mzazi anayeuliza: mtaala wa mwaka mzima umemezwaje kwa muhula mmoja, na uliomezwa umekwenda wapi?

Haya si maneno ya kuchukia shule. Mtaala wetu, ukiusoma ulivyoandikwa, una akili nzuri. Tangu 2007 madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa mada, si kwa masomo yaliyotenganishwa. Mtoto anaanza na shule yetu, nyumba yetu, jamii yetu, mwili na afya, hali ya hewa, chakula na lishe, usafiri. Katika mada moja anahesabu, anasoma, anaimba na anachora, tena kwa lugha ya nyumbani kwake. Darasa la nne ni la kuvukia Kiingereza. Maarifa ya Jamii nayo yamepangwa kama duara linalopanuka: darasa la nne wilaya yetu, la tano Uganda, la sita Afrika Mashariki, la saba Afrika. Aliyebuni mpangilio huu alijua mtoto hujifunza akitoka kwenye anachokijua kwenda kwenye asichokijua.

Lakini mpangilio huo unapambana na mtihani, na mtihani hushinda kila mara. Chukua mada ya ufugaji wa kuku katika Sayansi ya darasa la tano. Mtoto anakariri mifumo ya ufugaji: kuku wanaoachwa watembee, wanaofugwa bandani, wanaofungiwa vizimbani. Anakariri faida tatu na hasara tatu za kila mfumo. Nyumbani kwao kuna kuku saba wanaolala jikoni, na hakuna siku mwalimu amemuuliza kuku hao wako katika mfumo gani, au kwa nini vifaranga hufa msimu wa mvua. Swali hilo halitokei kwenye mtihani. Linalotokea ni "taja mbili", naye ametaja mbili. Ndiyo maana tathmini za Uwezo zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kiingereza kina mtihani. Hisabati ina mtihani. Kutahiniwa hakukuwafundisha kusoma wala kuhesabu.

Sasa niwaulize wenzangu: mashine inayowatoa watoto hawa bila kusoma Kiingereza, lugha yenye vitabu, walimu, vipindi vya kila siku na heshima yote ya nchi, mnadhani itawafanyia nini kwa Kiswahili?

Nitawaambia itakachofanya. Kitaingia kijitabu cha maswali na majibu. Mtoto atakariri umoja na wingi, kinyume cha maneno, wanyama na watoto wao, methali kumi za kukamilisha. Atajua kwamba mtoto wa ng'ombe ni ndama, na hataweza kununua maziwa ya ng'ombe huyo kwa Kiswahili. Hatasikia hadithi, hataimba, hataigiza sokoni, hataandika barua, kwa sababu hayo hayasahihishiki haraka. Ataingia sekondari akiwa na alama ya Kiswahili na chuki ya Kiswahili.

Na chuki hiyo haihitaji mbolea. Historia ya lugha hii nchini kwetu ni historia ya amri. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi; Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kilichobaki masikioni mwa wananchi wengi ni Kiswahili cha kizuizi cha barabarani: "simama", "toa kitambulisho", "lala chini". Tume ya Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake mwaka 1989, na Waraka wa Serikali wa 1992 uliofuata ulisema Kiswahili kifundishwe shuleni. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Hesabu matamko hayo yote, kisha uende shule yoyote ya msingi ya serikali kijijini uulize mwalimu wa Kiswahili yuko wapi.

Tumekuwa na matamko mengi na walimu wachache. Kwa nini basi tunaomba tamko jingine? Karatasi ya mtihani ndicho kitu rahisi kuliko vyote ambavyo serikali inaweza kutupa. Kuchapisha karatasi hakuhitaji kuajiri mtu. Hakuhitaji nyumba za walimu, wala kitabu cha hadithi katika kila dawati, wala mafunzo kazini. Siku karatasi hiyo itakapochapishwa tutaambiwa: mlitaka Kiswahili, si hicho? Nasi hatutakuwa na la kujibu, kwa maana tuliomba mtihani, hatukuomba walimu.

Hayo tumeyaona sekondari. Kiswahili kimekuwa somo la hiari katika mtihani wa kidato cha nne kwa miaka mingi, na hakikuzaa taifa la wasemaji. Mtaala mpya wa 2020 ukakifanya cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini walimu hawakutosha, na zipo shule ambako kipindi hicho amepewa mwalimu yeyote aliyewahi kuishi Nairobi au kuoa Busia. Ikiwa sekondari, ambazo ni chache, hazijapata walimu, shule za msingi zilizotapakaa kila parokia zitawapata wapi?

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo linanikera kuliko yote, nalo ni haki. Katika mtihani wa msingi kila karatasi hupewa alama kati ya 1 na 9. Jumla bora ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Shule ya binafsi ya Kampala inayolipisha karo kubwa inaweza kuajiri mwalimu wa Kiswahili kesho asubuhi, na nyingine wameshaajiri. Shule ya msingi ya kule Kaabong au Bundibugyo haiwezi. Ongeza karatasi ya tano leo, na mtoto wa Kampala atapata 1 nyingine. Mtoto wa Kaabong atapata 9. Hatutakuwa tumemfundisha Kiswahili. Tutakuwa tumekitumia Kiswahili kumzuia asiende shule nzuri ya sekondari. Tena mtihani wa kuandika ukijaa ngeli na upatanisho, kama tunavyoupenda sisi wa vyuoni, utampendelea mtoto anayesema Luganda, Lusoga au Runyankole, lugha za Kibantu zenye ngeli kama Kiswahili, na kumwadhibu anayesema Acholi, Ateso au Ng'akarimojong. Na huko kaskazini ndiko Kiswahili cha mdomo kilikokuwa na wasemaji wengi sokoni na safarini kuliko kule Buganda. Tutawatoza faini watu waliokipokea kwanza.

Najua jibu la wenzangu, nami nalipa heshima yake: "Kisichotahiniwa hakifundishwi. Wewe mwenyewe umesema muziki na lugha ya nyumbani vimeliwa kwa sababu havina mtihani. Kiswahili nacho kitaliwa." Hoja hii ina nguvu. Kuna mwalimu anayeamka alfajiri kwa ajili ya karatasi nne tu, na hatuwezi kumlaumu, kwani naye hupimwa kwa alama za wanafunzi wake. Lakini angalieni hoja hiyo inatupeleka wapi. Kama kila kinacholiwa na mtihani kitaokolewa kwa kufanywa mtihani, basi tutahini muziki, tutahini mpira wa miguu, tutahini kupanda mihogo na kunawa mikono. Mtoto wa miaka kumi na miwili atakaa kwenye dawati la mtihani wiki nzima. Hatutakuwa tumemfunga simba. Tutakuwa tumemwongezea mbuzi.

Wengine hunionyesha Kenya. Kweli, Kenya ilitahini Kiswahili kwa watoto wote wa darasa la nane katika mtihani wa KCPE. Lakini mtoto wa Kenya hakukipata Kiswahili kwenye karatasi ile peke yake. Alikipata kwenye matatu, kanisani, redioni, kwa jirani wa kabila jingine, na kwa mwalimu aliyekuwepo darasani kila siku tangu darasa la kwanza. Karatasi ilikuja juu ya msingi huo. Na Kenya hiyo hiyo imeifuta KCPE. Ya mwisho ilifanywa 2023, na sasa sehemu ya tathmini hufanywa na mwalimu shuleni. Tanzania nayo haikujenga Kiswahili cha watoto kwa mtihani, bali kwa kukifanya lugha ya kufundishia shule ya msingi tangu miaka ya 1960. Hata sekondari zetu hapa Uganda, chini ya mtaala mpya, huhesabu asilimia 20 ya alama kutokana na kazi za mwaka mzima. Wote wanajaribu kutoka ndani ya shimo, na sisi tunaomba ngazi ya kuteremkia.

Nini kifanyike basi? Kiswahili kiingie ndani ya muhula uliopo, kupitia yale ambayo mtoto tayari anajifunza. Nitoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni saa. Katika Hisabati mtoto anafundishwa kusoma saa kwa Kiingereza. Mtoto wa Buganda nyumbani huambiwa saa moja ya asubuhi ni ssaawa emu, lakini shuleni saa hiyo hiyo inaitwa ya saba. Anachanganyikiwa, na mwalimu anadhani hajui hesabu. Kiswahili kinahesabu saa kama nyumbani kwake: saa moja ni saa moja. Namba zenyewe ni ndugu: bbiri na mbili, ssatu na tatu, ttaano na tano. Kitabo ni kitabu, ddirisa ni dirisha, ssukaali ni sukari. Mwalimu mwenye dakika kumi anaweza kumwonyesha mtoto huyu kwamba nusu ya Kiswahili amekuja nacho kutoka nyumbani. Mtihani hautamwonyesha hivyo. Utamwambia Kiswahili ni somo jipya gumu.

Wa pili ni wimbo. Katika shule zetu nyingi, gwaride la Jumatatu huimba wimbo wa taifa, kisha wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioidhinishwa mwaka 2010. Wimbo huo ni wa Kiswahili. Watoto huuimba kwa sauti kubwa bila kuelewa, wakitamka maneno yasiyokuwepo. Kipindi kimoja cha muziki, ambacho tayari kiko kwenye ratiba, kingetosha kueleza beti mbili. Muhula mzima ungetosha kuueleza wote, kuuigiza na kuuandika.

Wa tatu ni Maarifa ya Jamii ya darasa la sita. Mwaka mzima mtoto anasoma Afrika Mashariki: nchi wanachama, makao makuu ya Jumuiya, bandari za Mombasa na Dar es Salaam, Ziwa Viktoria, malengo ya ushirikiano. Katika mazoezi ya kufundisha niliingia darasa moja la namna hiyo. Walikuwa wametaja kwa Kiingereza, bila kukosea, malengo matano ya Jumuiya. Nikauliza kwa Kiswahili: "Makao makuu yako wapi?" Kimya. Si kwamba hawakujua ni Arusha. Hawakujua nimeuliza nini. Mtoto anayesoma kwa mwaka mzima kuishi pamoja na majirani asiyeweza kuwauliza majirani hao njia, huyo hajafundishwa Afrika Mashariki. Amefundishwa jibu.

Mambo haya hayahitaji karatasi ya tano. Yanahitaji mwalimu mmoja wa Kiswahili kwa kila kundi la shule jirani, anayezunguka siku zilizopangwa. Yanahitaji wakaguzi waulize daftari la mtoto, wasiishie kwenye ratiba ya ukutani. Yanahitaji vitabu vya hadithi vyepesi, na sehemu kwenye ripoti ya kila muhula ambapo mwalimu anaandika kwa maneno: mtoto huyu anasalimia, anauliza, anasoma aya fupi, anasimulia. Ripoti hiyo isijumlishwe na zile alama nne. Mzazi aisome, ajivunie, na asimpige mtoto kwa ajili yake. Wala vipindi hivyo visichukuliwe kutoka kwa lugha ya nyumbani; anayekijenga Kiswahili kwa kubomoa Lumasaaba au Lugbara anarudia kosa la 1927.

Na yanatuhitaji sisi. Hapa nawageukia wenzangu na walimu wetu kwa adabu. Kila mmoja wetu anayesomea ualimu wa Kiswahili anaota sekondari, au ubalozi, au kazi ya ukalimani Arusha. Mazoezi yetu ya kufundisha hufanywa sekondari. Insha zetu ni za riwaya na tamthilia za watu wazima. Shule ya msingi tunaidai mtihani, lakini hatuipi miguu yetu. Samaki mkunje angali mbichi, tunaimba hivyo kila Julai. Basi tumfuate huko alipo mbichi. Idara zetu ziruhusu muhula mmoja wa mazoezi katika shule za msingi. Walimu wetu watuongoze kuandika hadithi za watoto, na kazi hizo zihesabiwe kama zinavyohesabiwa tasnifu. Chama cha wanafunzi kinachokodi basi kwenda kwenye kongamano kinaweza kutembea kwa miguu hadi shule iliyo nyuma ya ukuta wa chuo.

Siku ambayo kutakuwa na mwalimu katika kila shule, kitabu mkononi mwa kila mtoto, na Kiswahili mdomoni mwa darasa la sita, wanaotaka kukitahini waje na karatasi yao tuijadili. Leo hawana cha kutahini. Hadi hapo risala za Julai 7 zibadilishwe: pale tulipozoea kuandika "mtihani", tuandike "walimu".